Ufa wa Mfupa na Hukumu ya Amana

Alinijia kijana mmoja baada ya sala ya alasiri, mkimbiaji wa masafa marefu, akichechemea, akaniuliza swali nisilolitarajia kwa mtu wa umri wake: "Maalim, tabibu kaniambia muundi wangu umeingia ufa kwa kukimbia kupita kiasi. Maumivu niliyasikia tangu mwezi uliopita, nikayanyamazia. Je, nimeifanyia hiyana amana ya Mungu?" Sikumjibu siku ile, kwa kuwa swali lake lilinirudisha kwenye vitabu vya elimu mbili ambazo ni nadra kukaa rafu moja, yaani fikihi na elimu ya mwendo wa mwili.

Maradhi yake yana tarehe ndefu. Mwaka 1855 tabibu wa jeshi la Prussia, jina lake Breithaupt, aliandika habari za askari waliovimba nyayo na kushindwa kwenda baada ya safari ndefu za miguu, ilhali hakuna aliyepigwa wala aliyeanguka. Na sababu haikuweza kuonekana kwa macho mpaka Röntgen alipovumbua miale yake mwaka 1895, ndipo ilipodhihiri kwamba ndani ya mguu ulio mzima kwa nje mlikuwa na mfupa uliopasuka. Kila hatua ya mkimbiaji huipiga ardhi kwa nguvu ipatayo mara mbili hadi tatu ya uzito wake, nayo ardhi humrudishia kiasi kile kile; na kwa kuwa misuli huvuta karibu mno na kiungo, mithili ya mtu asukumaye mlango kwa kuugusa karibu na bawaba, kano ya kisigino hubeba zaidi ya mara sita ya uzito huo. Borelli, Mtaliana ambaye kitabu chake juu ya mwendo wa wanyama kilianza kutoka mwaka 1680, yeye akiwa amekwisha kufa, alilifahamu jambo hilo kwa hesabu tupu.

Walakini kilichonistaajabisha zaidi ni kazi ya mfupa wenyewe. Sisi twaudhani kuwa kitu kikavu kama boriti ya nyumba, kumbe hauachi kujijenga abadan: pale unapoelemewa, chembe za aina moja huja kuuchimba na kuondoa palipochakaa, kazi ya majuma kama matatu, kisha huja chembe za aina nyingine kupajaza upya, kazi ya miezi mitatu au zaidi. Fikiri, ewe msomaji, juu ya tofauti ya muda huo. Tangu mchimbaji aondoke hata mwashi amalize, mahali pale pa mfupa ni dhaifu kuliko palivyokuwa kabla mwenyewe hajaanza kujitahidi, nacho ndicho kipindi hasa ambacho kijana, akiona pumzi yake imekaa vizuri na misuli imepata sulubu, huongeza masafa.

Na anayeogopa ufa akajilaza hasalimiki. Wanaanga, ambao huko juu miguu yao haibebi kitu, hupoteza katika mfupa wa nyonga kadiri ya sehemu moja katika mia kila mwezi. Na mchezaji tenisi wa miaka mingi huonekana mfupa wa mkono apigiao umenenepa kuliko wa pili, ilhali yote miwili ilizaliwa sawa.

Watu wa dini nao waliutafutia mwili mfano wa mnyama. Mwanachuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliufananisha mwili na ngamia wa hujaji, ambaye asipolishwa safari haifiki, na akishughulikiwa peke yake usiku na mchana msafara huondoka. Mtawa wa Kikristo Fransisko wa Assisi aliuita mwili wake ndugu punda, na yasimuliwa kwamba alipokaribia kufa aliutaka radhi kwa jinsi alivyoutesa. Nawaheshimu wote wawili, na huruma ya yule wa pili hunitoa machozi. Lakini ngamia huwa na mifupa yake kabla hujaji hajampanda, ilhali mkono wa yule mchezaji umeumbika kwa mapigo yake mwenyewe, na safari ndiyo inayomtengeneza ngamia huku ikiendelea. Sioni tena ni wapi nitaweka mpaka kati ya mpandaji na mnyama.

Hapo ndipo fikihi iliponifaa. Wanazuoni hutenga amana iliyowekwa ihifadhiwe, ambayo aliyewekewa akiitumia pasipo idhini humpasa kulipa, na kitu kilichoazimwa ili kitumike; na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa katika pwani yetu, aliyeazima hadaiwi uchakavu uliotokana na matumizi aliyoruhusiwa. Nguo iliyoazimwa ivaliwe, ikafifia kwa kuvaliwa, haina fidia. Mfupa usiotumika hudhoofika. Basi mwenye kuuumba hivyo hakutuwekea tuufiche sandukuni. Lililobaki ni kujua mpaka wa idhini, na naamini kwamba yale majuma matatu na ile miezi mitatu ni sehemu ya maandishi ya mkataba. Mfano wa kuuheshimu mpaka huo ni mkimbiaji Kipchoge: yeye aliyekimbia kilomita 42 na ushei huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa muda wa saa 1:59:40, alikuwa akifanya mazoezi Kaptagat chini ya mwalimu wake Patrick Sang, na katika siku zake za wepesi alikwenda mwendo ambao mkimbiaji wa kawaida angeweza kufuatana naye. Sioni uvivu katika mwendo huo, naona adabu.

Kijana aliporudi nilimwambia: "Mwanangu, kukimbia kwako hakukuwa hiyana. Ila yale maumivu ya mwezi mzima yalikuwa ni mwenye mali akibisha hodi, nawe hukumfungulia."

Akainamisha kichwa. Kisha akaniuliza mashindano ya wilaya ni mwezi gani, nikamtajia, akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika mwisho, akarudia tena tangu mwanzo polepole, mpaka muadhini akaadhini magharibi.