Gari Lililofufuliwa ni Lile Lile?

Fundi wa Morogoro amepiga magoti mbele ya Land Rover ya zamani, mkono mmoja kitambaa kilicholoa mafuta ya taa, mkono wa pili kipande cha msasa. Anasugua chuma kinachoshika springi ya mbele, upande wa kulia. Tope lililokauka linatoka kwanza, halafu rangi ya kijani, halafu rangi ya kijivu iliyokuwa chini yake, na mwishowe namba za chesisi zinaanza kujitokeza moja moja. Mzee aliyeshuka alfajiri kutoka Kinole, kwenye Milima ya Uluguru, ameinama kando yake, kadi ya gari mkononi, akisubiri kulinganisha. Dalali hana subira.

“Mzee wangu, gari hii haijaguswa. Weka mafuta, washa, ondoka.”

“Mwanangu, mwache fundi amalize.”

Gari lenyewe ni lile fupi la wazi, lenye turubai badala ya paa la bati. Jua likiwaka turubai linakunjwa, mvua ikishuka kutoka mlimani linarudishwa mbio mbio. Ndani ya boneti imekaa injini ya dizeli ya Toyota. Milango ilitoka kwenye gari jingine lililofia njia ya Mgeta. Nyuma ya gia boksi, chesisi imekatwa na kuungwa kwa kuchomea. Kwa hiyo neno “haijaguswa” si kweli, na mzee analijua hilo kabla hata namba hazijasomeka. Lakini chini ya uongo huo mdogo wa gerejini kuna swali ambalo si la dalali peke yake. Ikiwa karibu kila kitu kimebadilishwa, basi hasa ni gari gani linalouzwa?

Land Rover ilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, ndiyo maana bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu, na chesisi ikabaki ya chuma. Uamuzi huo wa dharura ndio unaoamua kazi ya mafundi hadi leo. Aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma. Chesisi inaliwa, tena kwa ndani, ambako jicho halifiki. Kwenye Milima ya Uluguru, ambako mvua ndiyo inayolisha mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam, gari huweza kuonekana zima kwa nje huku mifupa yake imekwisha. Mwenye gari hana njia nyingine ila kubadilisha mifupa. Na injini ya asili ikishachoka, spea zake zikawa adimu, huwekwa ile ambayo spea zake zinapatikana mjini.

Wanafalsafa wanalijua swali hili kwa jina la meli ya Theseus. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, alisimulia jinsi watu wa Athens walivyoitunza meli ya shujaa wao kwa kung'oa kila ubao uliooza na kuweka mpya, mpaka wenye hekima wakagawanyika: hawa wakisema ni meli ile ile, wale wakisema siyo.

Waluguru, wenyeji wa Uluguru, hawana haja ya kwenda Athens. Kinole ndiko kwenye makao ya chifu wao, Kingalu, na Kingalu ni jina linalorithiwa. Anapofariki mwenye jina, mrithi kutoka ukoo wa upande wa mama, kwa kuwa Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, hulipokea jina na kuwa Kingalu. Mwili ni mwingine, sura ni nyingine, sauti ni nyingine, Kingalu yupo. Huo si mchezo wa maneno. Jina linakuja na wajibu, na matambiko, na kumbukumbu za ardhi, na watu walioshuhudia likipokelewa. Mtu anayeamka asubuhi akajiita Kingalu bila ukoo na bila mashahidi hawi Kingalu hata akivaa mavazi yote ya Kingalu. Kinachomfanya aliyepo leo awe yeye ni mnyororo usiokatika wa kukabidhiana.

Mahakama Kuu ya Uingereza ilifika karibu na hapo hapo mwaka 1990, pasipo kuijua Kinole. Kesi ilihusu Bentley ya mashindano iitwayo Old Number One, gari la wazi lililoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Mwenye gari alikuwa amekubaliana na mnunuzi bei ya pauni milioni 10. Mnunuzi akagoma, akidai hilo si gari lenyewe: chesisi ilibadilishwa, injini ikabadilishwa, bodi ikabadilishwa zaidi ya mara moja. Yote hayo yalikuwa kweli. Hata hivyo jaji Otton aliamua kwamba ndilo. Halikuwa la asili kwa maana ya vyuma vyake, alisema, lakini lilikuwa halisi, kwa sababu kila badiliko lilifanyika ndani ya maisha ya gari moja yasiyokatika, na hapakuwa na gari jingine duniani lililoweza kudai jina hilo.

Tofauti hiyo ya asili na uhalisi ina uzito mkubwa kwenye soko la magari ya kale ya Marekani yenye paa la kukunjwa. Huko mnunuzi hukagua kama namba ya injini inakubaliana na ya chesisi kabla hajatazama rangi. Mustang ya kwanza kwa namba, nyeupe, yenye paa la kukunjwa, iliuzwa kwa bahati mbaya Aprili 1964 kwa rubani mmoja wa Newfoundland, Kanada. Kampuni ya Ford ilimbembeleza mpaka mwaka 1966 akakubali kuirudisha, naye akapewa mpya. Leo imo kwenye makumbusho ya Henry Ford huko Dearborn. Ukiifuta namba yake inabaki Mustang nyeupe kama nyeupe nyingine nyingi. Vyuma havikupungua hata msumari. Kilichopotea ni habari yake.

Cadillac ilionyesha upande wa pili. Mwaka 1976 Eldorado ya paa la kukunjwa iliuzwa kama gari la mwisho la aina hiyo kutoka Marekani. Zilitengenezwa kama 14,000, na wapo walionunua na kuzifungia bandani bila kuziendesha, wakingoja bei ipande. Miaka michache baadaye magari ya aina hiyo yakarudi, na kufikia mwaka 1984 Cadillac yenyewe ilikuwa inayauza tena. Baadhi ya wanunuzi wakaenda mahakamani. Magari yao yalikuwa mazima, ya asili tupu, hayajaguswa kwa maana kamili ya neno hilo. Kilichoharibika ni maneno yaliyouzwa pamoja nayo.

Kwa mifano hii miwili, neno la muuzaji si pambo la biashara ya gari la kale. Ni sehemu ya bidhaa, kama chesisi.

Morogoro ina Chuo Kikuu cha Waislamu na ina Chuo cha Jordan cha Wakatoliki, na dini zote mbili zilishakaa sokoni na swali la neno la muuzaji muda mrefu kabla ya gari kubuniwa. Imesimuliwa kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakukiweka kilicholowa juu, watu wakione. Swali halikuwa kwa nini chakula kimelowa. Mvua ni ya Mungu. Swali lilikuwa kwa nini kilifichwa. Naye Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alitoa mfano wa farasi mwenye jicho moja. Kasoro ya namna hiyo inajionyesha, na muuzaji halazimiki kuitangaza maadamu bei ni ya haki. Kasoro iliyojificha lazima aiseme.

Kioo kilichopasuka ni farasi wa jicho moja. Chesisi iliyoungwa kisha ikapigwa puti na rangi mbichi ni chakula kilicholowa chini ya lundo.

Madalali wana jibu, nalo si la kupuuzwa. Mnunuzi ana macho, na ana haki ya kuja na fundi wake. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, katika kifungu cha 17, nayo haihesabu ukimya mtupu kuwa udanganyifu, isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu mtu kuzungumza. Ila kwenye gari la kale mazingira hayo yapo tangu mwanzo, maana mnunuzi hanunui usafiri peke yake. Akitaka usafiri atanunua gari la Kijapani la mtumba na kusahau shida. Ananunua maisha ya gari fulani, na maisha hayo anayajua aliyeishi nalo. Anayeyaficha hajauza gari lile kwa bei mbaya. Ameuza gari jingine.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kinachofichwa mara nyingi ndicho cha kujivunia. Injini ya Toyota ndani ya Land Rover si aibu. Ni ushahidi kwamba kulikuwa na ndizi za kushusha kutoka Kinole, na fundi mwenye akili akahakikisha zinashuka. Kuing'oa leo, kusaga alama za kuchomea, kisha kuliuza gari kana kwamba limelala bandani Uingereza tangu miaka ya sitini, ni kukata mnyororo kwa makusudi. Gari kama hilo linapata sura ya asili na kupoteza uhalisi wake.

Namba zimeshasomeka zote. Zinakubaliana na kadi. Mzee anapitisha kidole kwenye mshono wa nyuma ya gia boksi, anamuuliza fundi nani aliuchomea na mwaka gani, na hapo mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Mafundi wa Morogoro wanaofufua magari haya wangefanya jema kununua daftari la jalada gumu kwa kila gari linaloingia gerejini: kilichotoka, kilichowekwa, kilitoka gari gani, tarehe, na saini. Siku gari likiuzwa, daftari likabidhiwe pamoja na funguo.