Punje za Roshani na Haki ya Jirani

Miongoni mwa maswali madogo yenye mizizi mirefu ni hili: je, kiumbe asiyetuomba kwa kauli, asiyetudai kwa sheria wala asiyetulipa kwa lolote, ana haki gani kwetu? Swali hili huulizwa kila asubuhi katika majengo ya ghorofa ya miji yetu, pale njiwa wanapotua juu ya ukingo wa roshani na kuinamisha shingo kutazama kama kuna punje. Mwenye nyumba akitoka na chenga za mchele au konzi moja ya mtama, amekwisha kulijibu. Akitoka na ufagio kuwafukuza, amelijibu pia.

Wengi wetu tutasema upesi kwamba kulisha ndege ni wema, na wema hauna mjadala; kutoa ni moyo. Lakini kazi ya fikra ni kupima hata yale tuyaonayo kuwa mema, maana wema usiopimwa huweza kumdhuru anayetendewa, na huweza kumdhuru mtu wa tatu ambaye hakuulizwa. Katika jambo hili watu wa kupimiwa ni watatu: mtoaji, ndege, na jirani wa chini.

Desturi zetu za ukarimu zilizaliwa ardhini. Nyumba ya Mswahili ilikuwa na baraza mbele na ua nyuma. Aliyemwaga makombo uani aliwalisha kuku wake, na njiwa waliojichanganya na kuku walikula bila ya kumuudhi mtu. Uchafu wao ulibaki katika ua ule ule, na mwenye ua ndiye aliyeufagia. Baadaye miji yetu ikainuka juu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na majengo yake ya ghorofa yakawa makazi ya watumishi na wafanyakazi wengi. Huko Unguja, majumba marefu ya Michenzani yalianza kujengwa wakati wa uongozi wa Mzee Abeid Amani Karume, na watu waliozoea nyumba za udongo za Ng'ambo wakajifunza kupanda ngazi. Tangu hapo sakafu ya mmoja imekuwa dari ya mwingine. Tulipanda na mikeka yetu, vyungu vyetu na methali zetu. Lakini methali hizo zilitungwa na watu ambao hapana aliyekaa chini yao.

Kabla ya kumhukumu mgeni, yafaa tumjue. Njiwa wa mijini, ambaye twamwita njiwa manga, ana asili ya majabali. Wazee wake waliishi katika kuta za mawe na mapango ya nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati na za Asia ya magharibi. Ndiyo maana haupendi mti sana, hupenda ukingo. Kwa macho yake jengo la ghorofa tano ni jabali jema, na roshani ni pango lenye kivuli. Binadamu alimfuga tangu maelfu ya miaka iliyopita kwa ajili ya nyama na kwa kupeleka barua, kwa kuwa ana kipaji cha kurejea kwake hata akiachiliwa mbali sana. Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, aliwafuga yeye mwenyewe, na katika kitabu chake cha mwaka 1859 alieleza kwamba aina nyingi za njiwa wafugwao, ijapokuwa zinatofautiana mno, chimbuko lao ni njiwa mmoja wa majabali.

Basi huyu tumwitaye ndege wa mwituni ni mtoto wa waliotoroka tunduni. Hakuingia mjini kwa ujasiri wake tu. Alichukuliwa, akavushwa bahari, akazoeshwa, kisha akaachwa. Hatuwezi kusema kwamba hatumjui. Kwa hiyo haki yake kwetu si kubwa kama ya mtoto wetu, wala si tupu kama ya jiwe.

Anayemlisha na kumtazama atajifunza mengi ambayo anayemlisha na kugeuka hayaoni. Ataona kwamba njiwa hanywi maji kama kuku, anayechota kidogo na kuinua kichwa juu. Njiwa huzamisha mdomo na kufyonza moja kwa moja. Akibahatika kuona kiota, ataona mayai mawili, yaatamiwayo kwa siku 17 hadi 19, dume na jike wakipokezana zamu. Makinda yakianguliwa, wazazi wote wawili huyalisha ute mzito kama maziwa ya mgando, unaotoka ndani ya gole, yaani mfuko wa chakula ulio shingoni. Katika viumbe wengi kunyonyesha ni kazi ya mama peke yake. Kwa njiwa, baba naye ana maziwa. Wanaume wanaoona aibu kumbeba mtoto mbele ya wenzao na wazingatie jambo hilo.

Pia ataona jambo lisilopendeza. Punje zikimwagwa kwa mpigo mmoja, wenye nguvu hutangulia. Dume lenye kifua kipana hufutua shingo, huzunguka na kusukuma. Na yule mwenye uzi ulionasa mguuni hadi kidole kikafa, hufika wakati sakafu imekwisha kuwa tupu. Mtoaji asiyeangalia ataingia ndani akiamini kwamba amewalisha wote. Kumbe amewaongezea wenye kushiba. Twaona hapa funzo kwa kila agawaye mali ya umma: kilichotolewa si kipimo cha haki; kipimo ni kilichomfikia aliye nyuma.

Sasa tuwasikilize wanaopinga. Hoja yao ya kwanza ni ya utegemezi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Njiwa hapewi jembe. Akizoea kulishwa atakuja siku ya tatu, na ya mia tatu, naye ataleta wenzake. Hoja hii ina uzito, na miji mingine imekwisha kuipima. Katika mji wa Basel, nchini Uswisi, njiwa wapatao 100,000 waliuawa kati ya mwaka 1961 na 1985, lakini idadi ya waliobaki mjini haikushuka. Waliokufa walijazwa upesi na makinda, maana chakula kilikuwa tele. Tangu mwaka 1988 watu walielezwa na kuombwa wapunguze kulisha, na katika miaka minne idadi ikashuka kwa karibu nusu. London ilipiga marufuku kuwalisha njiwa katika uwanja wa Trafalgar mwaka 2003, na Venice ikawazuia wauza nafaka katika uwanja wa Mtakatifu Marko mwaka 2008. Tunachojifunza ni kwamba mkono unaotupa punje ndio unaoamua ni makinda mangapi yatazaliwa. Anayewalisha kwa pishi leo anaandaa msongamano, maradhi na njaa ya kesho, siku atakapohama au kufariki.

Nasi tunao ushahidi wa kwetu. Kunguru wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, kwa makusudi ya kusafisha takataka. Walisafisha, wakaongezeka, wakavuka bahari hadi bara, wakawa wezi wa mayai na vifaranga na maadui wa ndege wadogo. Kosa halikuwa la kunguru. Aliitwa na binadamu, akapewa jaa, akafanya kama tumbo lake lilivyomwongoza. Na anayeacha wali roshani usiku kucha asidhani kwamba mgeni wake ni njiwa tu: kunguru atakuja alfajiri, na panya amekwisha kuja kabla yake.

Hoja ya pili ni ya jirani, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Tumeshuhudia katika jengo moja majirani waliosaidiana katika harusi na misiba kwa miaka mingi, wakanuniana kwa ajili ya njiwa. Wa juu alitoa mtama kila asubuhi, akaona raha. Wa chini alianika kanzu ya Ijumaa, akaikuta imechafuka. Alipolalamika aliambiwa kwamba hana huruma kwa viumbe. Neno hilo lilimuumiza kuliko uchafu wenyewe, kwa sababu lilimgeuza aliyedhulumiwa kuwa dhalimu. Tena madhara si ya nguo tu. Kinyesi cha njiwa kikikauka, vumbi lake huweza kubeba vijidudu viletavyo maradhi ya mapafu. Na nyumba ya chini huenda ina mzee mwenye kifua dhaifu.

Hapa ndipo tunapopata kipimo tulichokuwa tukikitafuta. Sadaka ni kile kinachopunguza cha mtoaji. Anayetoa punje zake na kumwachia mwingine taabu yake ametoa nusu kutoka mfukoni mwake, na nusu ameichukua kwa jirani bila ya ruhusa. Thawabu haiwezi kubaki juu ilhali uchafu unashuka chini. Tuliwahi kulisema jambo hili kwa ubeti:

Utoapo kwa mkono, na ufagio ushike,
Yasije yako manono, kwa jirani yadondoke,
Wema si wingi wa neno, ni taabu ujitwike,
Mlishaji ufagie, jirani asisumbuke.

Hata hivyo tusiangukie upande wa pili na kusema kwamba ndege asiye na faida hastahili hata kutazamwa. Dunia imekwisha kuona mwisho wa fikra hiyo. Huko Marekani palikuwa na njiwa wa kuhamahama waliohesabiwa kwa mamilioni elfu, ambao makundi yao yalitia giza mchana. Waliwindwa na misitu yao ikakatwa, hata wa mwisho akafa tunduni katika mji wa Cincinnati mwaka 1914. Katika kisiwa cha Mauritius, dodo, ndege mkubwa wa jamaa ya njiwa asiyeweza kuruka, alitoweka katika karne ya 17. Nasi tuna ninga wa Pemba, njiwa wa rangi ya kijani asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Hahitaji mtama wetu hata punje. Anahitaji miti ya matunda isimame. Lakini nani atausemea mti wake, ikiwa watu wamekulia mjini bila ya kumtazama ndege yeyote kwa dakika tano? Njiwa wa roshani ni mwalimu wa darasa la kwanza. Jicho lililojifunza kwake huweza kumwona ninga.

Kwa hiyo twasema hivi. Anayetaka kuwalisha njiwa na awalishe kidogo, kwa saa maalumu, chakula kinachokwisha mbele ya macho yake, akikitawanya ili mnyonge apate. Alowanishe kinyesi kwanza kisha akisugue, akifika hata ngazi na ukuta wa chini, bila ya kungoja kuambiwa. Kabla ya yote ashuke abishe hodi kwa jirani na kumuuliza, maana kushuka ngazi kwa ajili ya ujirani ni desturi ambayo ghorofa inatudai na bado hatujaizoea vya kutosha. Jirani akikataa, punje zibaki mtunguni.

Wala mapenzi hayo hayatakuwa yamekwisha. Njiwa wataendelea kutua kwa muda, na baadaye watakwenda kujitafutia, kama walivyofanya wazee wao majabalini. Kuwatazama hakuhitaji punje, wala hakumchafulii mtu nguo. Walimu na wawaoneshe vijana namna hiyo ya kupenda, isiyotaka kiumbe aje mkononi ndipo apate heshima: wawapeleke dirishani na daftari, waandike wanachokiona, wahesabu, wapambanue njiwa manga na tetere. Kijana aliyezoea kumwangalia ndege bila ya kumwita, na kumfikiria jirani asiyemwona chini ya sakafu yake, amekwisha kuanza kujifunza uraia.