Amana ya Macho

Katika viungo vya mwili hakuna kinachotumwa kazi nyingi na kushukuriwa kidogo kama jicho. Mguu ukichoka mwenyewe huketi. Mkono ukichoka hutua mzigo. Lakini jicho likichoka huambiwa lisubiri mpaka ukurasa uishe. Na katika simu ukurasa hauishi.

Elimu ya chuo kikuu na intaneti ya kasi zimefika Mtwara kama pacha. Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kilianzishwa mwaka 2009, mwaka uleule ambao waya wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam. Kwa hiyo aghalabu mwanafunzi wa huku simu yake ndiyo maktaba yake. Amlaumuye kwa kuishika hajui bei ya vitabu.

Lakini jicho halijui kama linalosomwa ni somo au porojo. Mtu aliyetulia hupepesa kope mara 15 hivi kwa dakika. Kila pepeso hutandaza upya utando mwembamba wa ute, maji na mafuta. Mafuta hutoka katika tezi za ukingo wa kope, na kazi yake ni kuyazuia maji yasikauke upesi. Mtu akikazia kioo cha simu, kupepesa hupungua hata kufikia nusu au chini yake, na mara nyingine kope hazikutani sawasawa. Utando hupasuka, jicho huwasha, huhisi mchanga, huona ukungu. Ajabu yake ni kwamba jicho lililokauka huweza kububujika machozi, kwa kuwa mwasho huyaita. Upepo wa kusi nao humzidishia ukavu asomaye barazani. Kitabu cha karatasi pia hupunguza kupepesa, lakini angalau kina mwisho wa sura.

Je, mtu aweza kujidhulumu mwenyewe? John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya uhuru, alishika kwamba mtu mzima ni mtawala wa mwili na akili yake, asizuiwe ila anapowadhuru wengine. Hoja hii ni nzito, ila yahitaji mtu awe amechagua. Kupepesa huja bila amri na huondoka bila kuaga. Mwanafunzi atazamaye video fupi tangu saa 3 ya usiku hadi saa 8 hakuamua kuyakausha macho yake. Pengine hakuamua hata kuendelea, maana video ya pili huanza yenyewe, na walioitengeneza hivyo walijua walifanyalo. Uhuru unaotetewa hapo ni wa nani?

Nasadiki kwamba lawama huanza pale mwasho unapohisiwa. Kabla ya hapo ni kutojua. Baada ya hapo ni kupuuza. Tahadhari ya kwanza ni nyepesi hata yatia haya: kila dakika 20 kutazama kitu kilicho mbali mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na kupepesa kope zikutane. Akaaye Mikindani, au Msimbati karibu na mlango wa Ruvuma, ana bahari nzima ya kutazama bila ada. Maumivu yasiyokoma yataka mganga wa macho, si matone ya kuazima bwenini.

Atasema, "Macho ni yangu." Kweli ni yake, lakini mara nyingi alifika chuoni kwa korosho za mjomba na jasho la mama. Watu hao hawakununua fungu machoni mwake, ila wanayategemea, kama mwenye kuweka amana amtegemeavyo aliyeipokea. Deni hilo halimpi mjomba ruhusa ya kumnyang'anya simu. Lampa mwanafunzi sababu ya kuizima ambayo nafsi yake peke yake isingempa.

Wala deni halimkalii yeye tu. Mwalimu atumaye kurasa 60 simuni usiku, na kutaka majibu yake alfajiri, hana mahali pa kusimama ahubiri juu ya macho. Kabla ya wasia, na aweke maktabani nakala chache za karatasi.