Kilio Kinapokoma



Twasafiri mara nyingi kati ya Kisarawe na Kibaha, na pengine twachukua paka wa kulinda ghala na panya. Hutiwa kiroba, akafungwa, akasukumwa chini ya kiti. Akilia twasema, "Ni paka tu." Kilio kikikoma twafurahi, tukidhani amelala. Kumbe huenda ndipo anapokufa.

Paka hutoka jasho kidogo tu, nyayoni. Joto na hofu vikimzidi hutweta kinywa wazi, akadondosha mate, akalegea. Nalo gari lililofungwa juani huwa tanuri kwa dakika chache, hata tukiacha dirisha wazi kidogo.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza ukatili. Lakini zamani sana Mithali 12:10 ilikwisha kutufundisha kuwa mtu wa haki hujulikana hata kwa mnyama wake. Naye Mungu alipoihurumia Ninawi, hakuwasahau wanyama wake.

Basi tusafiri alfajiri, tumtie katika tenga lenye hewa, tumpe maji, wala tusimwache garini. Asiyeweza kujitetea amewekwa mikononi mwetu; tutaulizwa habari zake.

Bwana atupe mioyo ya huruma. Amina.