Mali ya Dhuluma Irudi kwa Nani?

Shinkolobwe twaijua. Urani yake ilitiwa katika bomu la Hiroshima, mwaka 1945. Mwaka 2004 serikali ilikataza kuchimba huko; Julai ardhi ikaporomoka, ikaua wachimbaji.

Kwa sheria yetu, madini ni mali ya Taifa. Basi wakili wa serikali adaiye kilichochukuliwa kwa uovu afanya kazi ya haki, maana amri ya saba yataka pia kurudisha. Desemba 2022 kampuni ya Glencore ilikubali kuilipa Kongo dola milioni 180 kwa ajili ya mambo ya rushwa.

Vema. Lakini ni za nani? Zakayo hakuahidi kumrudishia Kaisari, bali wale aliowadhulumu, na maskini akawapa nusu ya mali. Hazina ya serikali ni mfuko tu. Mwenye mali ni watu. Wakili akishinda, na mtoto wa mchimbaji akakosa dawa, mali haijarudi bado. Tena asiwe mkali kwa gunia la maskini na mpole kwa tajiri.

Nasi tununuao usiku bila kuuliza yatokako, tujihukumu kwanza.