Bikira Aliyenyamaza
Nauguza wazee huku Mayo, Ayalandi, na siku ya mapumziko hupanda basi kwenda kijiji cha Knock. Jioni ya tarehe 21 Agosti 1879, mvua ikipiga, wanakijiji walimwona Bikira Maria, Yosefu na Yohane kwenye ukuta wa kanisa. Mashahidi 15 walihojiwa. Hakuna aliyesikia neno. Kule Lourdes, Ufaransa, Bikira alisema; hapa, kimya. Bibi Bridget Trench akaenda kuikumbatia miguu ya Bikira, mikono ikaambulia ukuta. Kwa kimya hicho nawasadiki mashahidi: mzushi angempa Bikira hotuba, tena ndefu! Mwanangu hunibishia: mwaka ule viazi viliharibika, mwenye njaa afanye nini na mgeni bubu? Sina jibu. Zamu ya usiku, mzee akikata roho, nami hukaa tu kando ya kitanda.