Chupa ya Petroli Juu ya Kabureta

Kisa hiki kilimpata mwalimu mstaafu wa upande wa Kiminini, nje ya mji wa Kitale. Yeye mwenyewe ameniomba nikisimulie, ili mwenye gari la zamani ajifunze bila kupitia alikopitia yeye. Jina lake nimeliweka kando. Majirani humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo.

Alipostaafu alinunua pikapu ya Peugeot 504, ya zile zilizounganishwa Mombasa, akaanza kupeleka kabichi na viazi Bungoma. Alikuwa akitoka alfajiri, anashuka kupitia Kamukuywa, Misikhu na Lugulu hadi Webuye, kisha anakata kuelekea Bungoma kabla soko halijachangamka. Watu wa huku tunayapenda magari haya, na si bure. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena 1978, na kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba abiria wa masafa marefu kwenye barabara ambazo magari mengine yalizikimbia. Lakini uvumilivu wa gari una hatari yake kwetu sisi wenyewe. Gari likiweza kutembea huku likiwa bovu, mwenyewe huzoea ubovu, na baada ya muda hausikii tena.

Tabu ilianza wakati wa mvua, miezi ile ya Juni na Julai ambapo asubuhi za Trans Nzoia huwa na baridi ya kuingia mifupani. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Mlima Elgon hauko mbali. Stata ilizungusha injini vizuri, betri ilikuwa na nguvu, lakini gari liligoma kuwaka. Likiwaka lilikohoa mara mbili tatu na kuzima. Likishapata moto, siku nzima halisumbui. Mchana kule Bungoma aligusa ufunguo tu, likaitika.

Hapo ndipo ningependa msomaji atulie kidogo, maana jibu lote lilikuwa limeshatolewa na gari lenyewe. Petroli ikiwa majimaji haiungui ndani ya injini. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini iliyokwisha kupata moto hutosheka na mchanganyiko wa karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Injini ikiwa baridi, petroli nyingi hubaki matone matone na kuganda kwenye kuta za njia ya kuingilia, na kinachofika kwenye plagi kama mvuke ni kidogo mno. Kwa hiyo lazima ipewe petroli nyingi zaidi kwa muda mfupi. Kazi hiyo ni ya choki, ule mkono mdogo unaovutwa kwenye dashibodi. Ukiuvuta, kamba yake hufunga kilango kilicho juu ya koo la kabureta, hewa inapungua, na petroli inavutwa kwa wingi. Gari linalokataa kuwaka likiwa baridi na kukubali likiwa moto linakuonyesha choki kwa kidole.

Mwalimu hakutazama huko. Aliniambia kwamba mkono wa choki ulikuwa umelegea tangu miezi kadhaa nyuma. Zamani ulipovutwa ulikuwa na ugumu fulani, na mwishoni ungeweza kuhisi kitu kimefika. Sasa ulikuja wote bila kukinza. Aliona ni uzee tu. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza.

Dalili ya pili ilikuwa harufu. Kila alipofungua boneti asubuhi alikutana na harufu ya petroli, na mpira wa mafuta unaoingia kwenye kabureta ulikuwa na unyevu na nyufa ndogo karibu na klipu. Fundi mmoja aliyekuwa akibadilisha oili alimwambia, "Mwalimu, huu mpira umekwisha, tuubadilishe leo." Akamjibu kwamba wiki hiyo ana karo ya mjukuu, watautazama mwisho wa mwezi. Nani kati yetu hajawahi kusema hivyo? Mpira wa mafuta uliopasuka hauna mwisho wa mwezi.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Alilala Bungoma kwenye matanga ya jamaa yake, na asubuhi gari likamsumbua huko pia. Mpaka siku hiyo alikuwa akiamini, na kuwaambia wengine, kwamba shida ni mwinuko wa Kitale, kwamba hewa ya juu ni nyepesi na ndiyo inayoinyima injini nguvu ya kuwaka. Bungoma iko chini kwa karibu mita 500 na ina joto zaidi. Kama tatizo lingekuwa mwinuko, lingebaki Kitale. Tena hewa nyepesi hufanya mchanganyiko wa kabureta uzidi petroli, haiupunguzi. Kwa kuwaka asubuhi, mwinuko ungemsaidia kuliko kumdhuru. Baada ya usiku ule wa matanga hoja yake ilikuwa imeanguka, lakini hakuiacha. Aliongeza nyingine: petroli imechanganywa na mafuta ya taa.

Hilo nalo si jambo la kupuuzwa. Uchanganyaji wa mafuta ulienea nchini hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida yake. Na ni kweli mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi, kwa hiyo gari lililopewa mchanganyiko huo husumbua asubuhi. Ila jirani yake alinunua petroli kituo kilekile, na gari lake la kabureta liliwaka bila shida. Swali dogo kwa jirani lingetosha.

Ya nne ilikuwa kukohoa. Injini ilipokaribia kuwaka ilipiga mlio mkavu kupitia kabureta, na mara moja kijana aliyekuwa akimsaidia aliona cheche ya buluu kwenye koo lake. Mchanganyiko wenye petroli kidogo mno huungua polepole. Vali ya kuingiza hewa inapofunguka tena, moto bado haujamaliza kazi yake, nao unarudi juu kupitia kabureta. Injini ya namna hiyo inatema moto, na anayesimama juu yake anasimama mbele ya mdomo wake.

Katika hali hiyo ndipo ilipoingia chupa ya soda. Mtu alimwonyesha: ondoa kichujio cha hewa, mimina petroli kidogo kwenye koo la kabureta, mwambie kijana apige stata. Liliwaka. Likawaka na kesho yake. Mbinu hii utaiona kuanzia gereji za jua kali za Kitale hadi stendi za Bungoma, na kwa sababu inafanya kazi hakuna anayeiuliza maswali. Lakini itazame vizuri. Gari likiwaka kwa petroli ya kumiminwa, limekuambia kwamba plagi zina moto, koili ni nzima, injini ina mbano wa kutosha, na kinachokosekana ni petroli ya kuanzia tu. Chupa ilikuwa imempa Mwalimu kipimo kamili cha ugonjwa, naye akaifanya ndiyo dawa ya kila siku.

Tulio Kenya hatujasahau Sachangwan, Januari 2009, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la mafuta lililopinduka kushika moto. Petroli ya lori inatutisha. Ile ya chupa ya soda tunaishika kama maji, ingawa ni mafuta yaleyale, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini ya boneti ukisubiri cheche.

Asubuhi ya ajali alimimina, kijana akapiga stata, injini haikushika. Akamimina tena akiwa ameinama, na kijana, aliyedhani ameambiwa, akapiga stata chupa ikiwa bado juu ya koo. Injini ikakohoa. Moto ulipanda hadi kwenye chupa, naye akairusha kwa mshtuko, petroli ikamwagika juu ya injini na kwenye mkono wa shati lake. Ule mpira wenye nyufa ukashika. Mtu akaja na ndoo ya maji, na maji yakaueneza moto, kwa kuwa petroli huelea juu yake. Uliouzima ni udongo, uliotupwa kwa sepetu na majirani wawili.

Mwalimu aliungua mikono yote miwili na upande wa uso. Watu walitaka kumpaka dawa ya meno. Ashukuriwe binti wa jirani aliyekataa, akaiweka mikono yake chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa muda mrefu kabla ya kupelekwa hospitali. Jeraha la moto hupozwa kwa maji safi ya baridi ya kawaida, dakika 20 hivi, bila dawa ya meno, bila mafuta, bila yai.

Pikapu ilipovutwa hadi kwa fundi, nyaya zilikuwa zimeungua zote, lakini kabureta ilikuwa bado inasomeka. Skrubu inayobana ala ya kamba ya choki ilikuwa imelegea. Mwalimu alipovuta mkono, ala na kamba vilisogea pamoja, na kilango kikafunga nusu tu. Kazi ya bisibisi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, gari lako la kabureta likianza kusumbua asubuhi, fanya hivi kabla ya jambo lolote. Zima ufunguo, weka sigara na jiko mbali, ondoa kifuniko cha kichujio, mwombe mtu avute choki nawe utazame kwa macho yako. Kilango lazima kifunge chote. Kisha sukuma mkono wa mafuta kwenye kabureta mara moja: unapaswa kuona petroli ikiruka kwa nguvu ndani ya koo. Usipoiona, huenda bakuli la kabureta limekauka usiku, au kiwambo cha pampu ndogo iliyo kwenye kabureta kimechoka. Pampu nyingi za zamani za kuvuta petroli kutoka tangi zina mkono mdogo pembeni wa kujaza bakuli bila stata, utumie huo. Ukiona petroli inatoka sawasawa na kilango kinafunga, ndipo uhamie kwenye plagi na pointi. Rudisha kichujio kabla ya kupiga stata, maana ndicho kinachozuia moto unaorudi usifike nje. Na injini ikishika, rudisha choki taratibu kadiri inavyopata moto, la sivyo petroli ya ziada itaosha oili kwenye silinda.

Mpira wenye nyufa ubadilishwe siku ileile ulipoonekana, kabla gari halijawashwa tena. Beba mtungi wa unga wa kuzimia moto mahali ambapo mkono unafika. Na fundi au rafiki akikujia na chupa, mkatalie kwa upole, kisha mwonyeshe kile kilango.